Mashindano ya Vyombo vya Kuokoa Pumzi Usingizini

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo yafaa sokoni, lakini katika historia ya utabibu yataka kupimwa upya, maana humo chema chaweza kuvuliwa na kutupwa chini ya kitanda na yule yule kinayemwokoa. Ushahidi wa jambo hili ni vyombo vya kutibu maradhi ya kukatika pumzi usingizini.

Mtu alalapo, nyama za koo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Kwa mgonjwa wa maradhi haya njia ya hewa huziba, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha akagutuka pasipo kujitambua, akavuta hewa kwa kishindo, na kuziba tena. Wako wanaopatwa na hali hiyo zaidi ya mara 30 kwa saa. Mgonjwa huamka amechoka, husinzia mchana kutwa, na aghalabu shinikizo la damu yake hupanda. Mwaka wa 1965 wataalamu wa Ufaransa na wa Ujerumani walithibitisha kwa vipimo kukatika huko kwa pumzi. Na miaka michache baadaye tiba ya hakika ikawa ni kutoboa shingo na kutia mrija chini ya mahali panapoziba. Tiba hiyo iliponya, lakini ni wachache walioweza kuishi nayo kwa ridhaa.

Mwezi wa Juni 1980, mjini Sydney, tabibu Colin Sullivan alijaribu njia nyingine. Alichukua mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, akapuliza hewa puani mwa mgonjwa aliyelala, na shinikizo la hewa hiyo likalishikilia koo wazi kama nguzo ishikavyo dari. Mwaka wa 1981 alitangaza habari za wagonjwa 5 katika jarida la Lancet. Wazo lilikuwa jepesi na matokeo yalikuwa makubwa. Lakini mashine ilinguruma, na barakoa ilibidi kubandikwa usoni kwa gundi kila usiku.

Hapo ndipo yalipoanza mashindano. Kampuni ya Respironics ya Marekani ilianza kuuza mashine za namna hiyo mwaka wa 1985. Na mwaka wa 1989 Peter Farrell aliunda huko Sydney kampuni iliyokuja kuitwa ResMed. Hewa ya wote wawili ilikuwa moja. Walichoshindania ni pua, masikio na ngozi ya mgonjwa: nani atapunguza kelele, nani atalainisha barakoa, nani atatia unyevu ili koo lisikauke. Kila hatua ilikuwa jibu kwa mtu aliyeivua mashine yake saa nane za usiku.

Wapinzani wengine nao waliingia kwa mlango huo huo. Kifaa cha mdomoni, kinachosogeza taya la chini mbele, huzuia mikatiko michache kuliko mashine ya hewa. Hata hivyo wengi hukivaa kwa saa nyingi zaidi, hata faida za viwili hivi zikakaribiana. Mwaka wa 2014 Marekani iliidhinisha chombo cha kampuni ya Inspire, kinachopandikizwa kifuani na kuusisimua mshipa wa fahamu wa ulimi. Kilijaribiwa kwa watu 126 walioshindwa na mashine ya hewa, na baada ya miezi 12 kipimo cha kati kilishuka kutoka mikatiko 29 kwa saa hadi 9. Desemba 2024 ikafuata dawa ya tirzepatide, kwa wagonjwa walio wanene.

Lakini raha nayo ina hatari zake. Philips, iliyoinunua Respironics mwaka wa 2008, ilitangaza mwaka wa 2021 kuzirudisha mamilioni ya mashine, kwa sababu sponji iliyotiwa ndani yake iliweza kuoza na kupeleka chembe na gesi katika pumzi ya mlalaji. Na sponji hiyo ilitiwa kwa ajili gani? Kwa ajili ya kupunguza kelele.

Basi mwenye kubuni tiba asidhani kazi yake imekwisha pale chombo kinapofaulu maabarani. Mtu aliyelala hana mlinzi ila chombo chenyewe. Hawezi kukihoji wala kukionya. Hukivaa kwa kuwa kinavumilika, na huendelea kukivaa kwa kuwa anakiamini. Waliosahau la kwanza walipoteza wanunuzi. Waliosahau la pili walihatarisha watu waliojikabidhi kwao wakiwa wamefumba macho.