Jina, Tabia na Moyo: Namna Waandishi Wetu Walivyojifunza Kusimulia

Ndugu walimu, kila muhula twapokea madaftari ya insha zilizotungwa juu ya methali, na aghalabu hadithi ni ile ile: mtoto mkaidi anaonywa, hasikii, anavunjika mguu, kisha anatokea mzee kumkumbusha methali. Sarufi huenda ikawa safi, lakini mtu hayumo. Husemwa katika baadhi ya vyumba vya walimu kuwa mwanafunzi wa upande wetu huu wa ziwa hawezi kutunga hadithi ya Kiswahili iliyo hai, kwa kuwa hakuzaliwa ndani ya lugha hiyo. Dai hili si dogo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Na ikiwa mwalimu anaamini kwamba watoto hao hawawezi kubuni, atawafundisha kunakili tu. Historia ya riwaya yenyewe inalikanusha dai hilo.

Twaweza kuanza na Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Hakuwa mtu wa kukaa kitako akingoja wahyi. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kisha akahudumu katika idara nyingine za serikali ya kikoloni, na vitabu vyake vilitungwa kando ya kazi hiyo ya mshahara. Wala hakuandika kwa kuwa mchapaji alikuwa anamngoja mlangoni: Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya 1940, kilichapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Fani yake ilitoka katika hekaya na mawaidha aliyokulia. Katika Kusadikika (1951), Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na manufaa, wakalipwa kifungo. Tazameni ufundi huo: kesi moja imebeba hadithi sita, na msomaji anavumilia zote kwa sababu maisha ya mtu yako mizanini. Majina nayo yanasema kabla wenyewe hawajafumbua kinywa. Wapo wanaoiita njia hii ya kitoto. Sisi hatukubali. Chini ya serikali ya kigeni, nchi ya kubuni yenye watu wa kubuni iliweza kusema juu ya dhuluma maneno ambayo nchi yenye jina halisi isingeruhusiwa kuyasema. Ubaya ni kwamba shule ziliirithi njia bila kurithi sababu yake. Ndipo akazaliwa yule mtoto mkaidi wa madaftari yetu.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipitia mlango mwingine, mlango wa magazeti. Baada ya kazi ya afya alikuwa mhariri tangu 1948, na hatudhani ni bahati tu kwamba mtu aliyezoea kuandika kwa ajili ya msomaji mwenye haraka ndiye aliyetupa riwaya ya upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki la 1957/58, ikatoka kitabuni mwaka 1960. Bwana Msa alitokana kwa kiasi fulani na Sherlock Holmes wa Waingereza, lakini kiko chake na mazungumzo yake vimezama katika Kiswahili cha Unguja. Hapa jina halitoshi tena. Twamjua Bwana Msa kwa tabia zake: anavyonyamaza, anavyotazama, anavyomwacha mwenzake Najum akisie vibaya. Na hadithi ya upelelezi ina nidhamu yake kali, kwani jambo litakalofumbuliwa mwishoni sharti liwe limekwisha kupandwa mapema, mahali ambapo msomaji atalipita bila kulijali.

Sasa tufike Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa huko Namagondo mwaka 1944, na lugha ya nyumbani kwao ni Kikerewe, ambayo Mnyoro wa Uganda ataisikia kuwa ni jamaa ya lugha yake. Pwani ilikuwa mbali. Hata hivyo Rosa Mistika (1971) ilitikisa fasihi nzima, na kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni. Jina la Rosa ni la sifa ya Bikira Maria, lakini maisha yake yanakwenda kinyume nalo, na pengo hilo ndilo hadithi. Baba yake Zakaria ni mlevi anayemlinda binti kwa ukali usiomlinda. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto anasimulia mwenyewe, nasi twaingizwa ndani ya moyo usiojua unataka nini.

Kezilahabi hakuyapata hayo kwa kumpuuza mtangulizi wake. Tasnifu yake ya shahada ya pili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1976, ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Alimsoma kama fundi anavyolifungua kufuli la fundi mwingine.

Darasani tumejaribu zoezi linalofuata njia hiyo hiyo. Twampa mwanafunzi jina la Majivuno, kisha twamtaka ampe mtu huyo tabia moja ya kila siku isiyolingana na jina lake. Mmoja alimfanya anayemwogopa jogoo wa jirani. Mwingine alimfanya anayemfulia mama yake mgonjwa nguo usiku, mlango ukiwa umefungwa ili asionekane. Methali haikutajwa, na mvulana aliyeandika habari ya nguo hizo aliomba karatasi ya pili.