Kambi na Padoki: Asili ya Desturi Mbili za Mbio za Magari Marekani

Katika viwanja vya mbio za magari ya spoti vya Marekani, kuanzia Sebring katika jimbo la Florida mpaka Elkhart Lake katika jimbo la Wisconsin, ziko desturi mbili ambazo mtu aliyezoea kutazama mashindano makubwa kutoka jukwaani, au akiwa kitini mbele ya televisheni, huziona kwanza kwa mashaka na baadaye kwa husuda. Ya kwanza ni kwamba mtazamaji haji kutazama kisha akarudi kwake jioni. Huhamia kiwanjani na hema lake, jiko lake la mkaa na ahali yake yote, akakaa huko tangu Alhamisi mpaka mbio ziishe. Ya pili ni kwamba tiketi ile ile iliyompitisha langoni humpa idhini ya kuingia padoki, yaani ule ua mpana wa nyuma ya vibanda vya matengenezo, ambamo magari hufunguliwa matumbo hadharani na makanika hufanya kazi yao mbele ya macho ya umati. Wenye kuandaa mbio hizo hupenda kuzitangaza desturi hizi kuwa ni ukarimu wao. Kwa maoni yangu wanajipa sifa isiyo yao, kwa maana desturi hizi ni urithi, na walioziacha ni watu wa wakati ambapo baina ya dereva na mtazamaji hapakuwa na tofauti ya kutajika.

Chama cha wapenzi wa magari ya spoti cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SCCA, kiliundwa mwaka 1944, vita vikuu vingali vikiunguruma, na watu waliokuwa na mali ya kuwawezesha kumiliki magari ya Ulaya na wasaa wa kuyapenda. Walijiona waungwana wa mchezo, na kushindania fedha kulikuwa haramu kwao: aliyeshinda alipewa kikombe na taadhima, basi. Mmoja wao, Cameron Argetsinger, aliyekuwa akisomea sheria, alitambua kwamba barabara za kijiji cha Watkins Glen, kilichoko kusini mwa Ziwa Seneca katika jimbo la New York, zilikuwa na milima, mabonde na kona kama zile alizokuwa akizisoma katika habari za Ulaya; akawashawishi wakuu wa kijiji, na tarehe 2 Oktoba 1948 magari yakapita mbele ya maduka, yakapanda mlima, yakavuka reli ambayo treni zake zilizuiwa kwa ajili ya shughuli hiyo, kisha yakateremka tena mjini, mzunguko mmoja ukiwa kilomita 10 na ushei. Frank Griswold alishinda kwa gari la Alfa Romeo. Lakini kwa mada yetu mshindi hana umuhimu kama jinsi magari yenyewe yalivyokaa kabla ya mbio: mengi yalikuja kwa magurudumu yao, yakaegeshwa mtaani, wenyewe wakafunua boneti na kubadili plagi pale pale, na mpita njia aliyekuwa na swali aliuliza akajibiwa. Padoki ya mwanzo ilikuwa mtaa tu, nao mtaa hauna bawabu.

Ukaribu huo ulikuwa na gharama yake, na haukukawia kuidai. Mwaka 1950 Sam Collier, mmoja wa ndugu walioshiriki kuasisi mchezo huu nchini humo, alifariki hapo hapo Watkins Glen gari lake lilipoacha njia. Mwaka 1952 gari lilipita karibu mno na watu waliojipanga ukingoni mwa barabara kuu ya kijiji, likawajeruhi baadhi yao na kumuua mtoto wa miaka saba. Huko Elkhart Lake, ambako nako kulikuwa na mbio za barabarani tangu mwaka 1950, umati ulikuwa umezidi hata hapakuwa na askari wala kamba ya kuuzuia, na baada ya mbio za mwaka 1952 jimbo la Wisconsin likapiga marufuku mashindano katika njia za umma. Hivyo katika muda mfupi mchezo ulifukuzwa mitaani, na wenyewe wakawa kama wapangaji waliotolewa nyumba, wakitafuta mahali pengine pa kupeleka vyombo vyao.

Mahali hapo palipatikana katika mabaki ya vita. Jenerali Curtis LeMay, aliyeamuru kikosi cha ndege za mabomu za masafa marefu, naye alikuwa mpenzi wa magari haya, akatoa ruhusa viwanja vya kikosi chake vitumike kwa mbio tangu mwaka 1952 hata 1954, mapato yakaenda katika kuboresha makazi ya askari, mpaka malalamiko ya wabunge yalipoikomesha shughuli hiyo. Lakini kabla ya LeMay alikuwako Alec Ulmann, mhandisi wa ndege mzaliwa wa Urusi, ambaye alipokuwa akitafuta uwanja wa kugeuzia ndege za vita ziwe za kiraia alifika Hendricks Field, karibu na mji mdogo wa Sebring, katikati ya mashamba ya michungwa. Uwanja huo ulijengwa ili marubani wafundishwe kuendesha ndege za B-17, na njia zake za zege, zilizotandazwa kwa vipande vikubwa vyenye viungo baina yake, zilikuwa zimekwisha kuanza kupanda na kushuka. Ulmann aliyekuwa ameziona mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa, aliutazama uwanja ule akaona Le Mans nyingine. Zege ile ile, na mashimo na matuta yake, ndiyo inayowatetemesha madereva hata leo, na wengi hudai kwamba saa 12 za Sebring huchosha gari kuliko saa 24 za mahali pengine.

Mbio za kwanza za Sebring zilifanywa tarehe 31 Desemba 1950, zikachukua saa 6, na zikapewa jina la marehemu Sam Collier. Hapa pana kisa ambacho kinastahili kukaliwa kitako. Mshindi alikadiriwa kwa kulinganisha mwendo wa gari na ukubwa wa injini yake, na kama inavyosimuliwa, kijana mmoja wa Tampa alifika pale kama mtazamaji, akiendesha Crosley yake, kigari cha injini ya sentimita 724 za ujazo, ambacho watu wengi wangeona haya kukiegesha karibu na Ferrari. Mjuzi mmoja wa hesabu hizo alipokiona akang'amua kwamba kwa kanuni ile hakuna gari litakalokishinda. Kikavuliwa kioo cha mbele, kikakabidhiwa Fritz Koster na Ralph Deshon, nacho kikazunguka saa zote sita bila haraka wala matata, kikatwaa ushindi. Gari lililokuja kutazama ndilo lililoshinda! Sijui kama upo ushahidi mwingine ulio wazi kama huu wa jinsi mpaka baina ya uwanda wa watazamaji na padoki ulivyokuwa mwepesi siku zile.

Mwaka 1952 saa 6 zikawa 12, na mwaka uliofuata Sebring ikawa mahali pa kwanza kabisa pa ubingwa mpya wa dunia wa magari ya spoti, John Fitch na Phil Walters wakishinda kwa gari la tajiri Briggs Cunningham lililoundwa huko huko Florida. (Mwaka huo huo wa 1953 ndio Safari Rally ilipoanza Afrika Mashariki, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, lakini mtu wa Naivasha au Nakuru aliyewahi kulala njiani akingoja magari ya Safari anajua kwamba yeye hungoja usiku kucha ili aone vumbi la nukta chache, ambapo wa Sebring huyaona yale yale yakimrudia kila baada ya dakika chache, tangu saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku.) Mwaka 1954 gari dogo la OSCA lenye injini ya lita moja na nusu, likiendeshwa na Stirling Moss na Bill Lloyd, liliyapita magari makubwa yote baada ya hayo kuharibika moja baada ya jingine, breki zake lenyewe zikiwa karibu zimekwisha.

Urefu wa mbio ndio ulioleta mahema. Mji wenyewe ulikuwa na nyumba chache za wageni, nazo zilijaa timu na waandishi, na mtu aliyetoka Miami au Georgia hakuweza kuondoka saa nne za usiku, katika foleni ya magari yanayotafuta njia moja ya kutokea, akatumaini kufika kwake kabla ya alfajiri. Akalala pale pale kwenye nyasi za ndani ya mzunguko. Mwaka wa pili akaja mapema zaidi ili apate nafasi karibu na kona aipendayo. Mwaka wa tatu akaleta jirani zake. Na baada ya muda kijiji kizima kikawa kinachipuka kila mwezi wa Machi katika sehemu iitwayo Green Park, na majukwaa ya mbao na mabomba ya chuma, makochi yaliyokuukuu juu yake, na mabwawa ya kuogelea ya mpira yaliyojazwa kwa mfereji. Baadhi ya watu wa kijiji hicho hawajui nani anaongoza. Nimesikia wakilaumiwa kwa jambo hilo, na lawama hiyo naiona haina uzito, maana hata harusini wengi hawasikilizi hotuba. Lakini wale watazamao kwa dhati wana malipo yao jua linapozama, diski za breki zinapoonekana kung'aa kwa wekundu ndani ya magurudumu, na kila gari, kwa sauti yake na kwa rangi ya taa zake, linatambulikana kabla halijafika.

Si kambi zote zilizokuwa za amani. Watkins Glen, iliyokwisha kuhamia uwanja wake wa kudumu tangu mwaka 1956, ilipata sifa mbaya kwa sehemu yake ya matope ambako katika miaka ya 1970 vijana walevi walichoma magari kwa mchezo, na katika Grand Prix ya mwaka 1974 wakachoma hata basi la abiria. Kambi ya namna hiyo haikuwa na uhusiano wowote na mbio, nayo ilipotoweka hakuna aliyeililia ila wauza bia.

Msiba uliobadili mchezo ulitokea Le Mans tarehe 11 Juni 1955, Mercedes ya Pierre Levegh iliporuka na kuangukia umati, zaidi ya watu 80 wakafa. Chama cha AAA, kilichosimamia mbio za Marekani kwa miongo kadhaa, kilijivua jukumu hilo mwaka ule ule. Sebring nayo ilionja uchungu huo mwaka 1966, gari la Porsche lilipowaua watazamaji wanne waliokuwa mahali pasiporuhusiwa, katika mbio zile zile zilizomuua dereva Bob McLean. Mwaka uliofuata sehemu ile ya njia ikarekebishwa. Uzio ukarudishwa nyuma, kuta zikainuliwa, kona zikawekewa matairi. Hata hivyo uzio wote huo ulijengwa baina ya umati na njia, kwa kuwa gari linaloua ni lile linalokimbia. Hakuna aliyefikiri kuuzungushia padoki, ambamo gari limesimama juu ya jeki, halina hata magurudumu. Hapo ndipo mbio za spoti na Formula One zilipoachana, kwani Formula One iliifunga padoki yake ikaifanya baraza ya wateule, wala haikufanya hivyo kwa sababu ya usalama.

Elkhart Lake, kwa upande wake, haikukubali kunyimwa mbio na sheria ya jimbo. Mhandisi Clif Tufte alitafuta ardhi ya mashamba na misitu penye vilima vilivyoachwa na barafu ya kale, akatandika njia ya kilomita 6.5 iliyofuata maumbile ya nchi, na Septemba 1955 uwanja wa Road America ukafunguliwa, Phil Hill akishinda kwa Ferrari. Njia hiyo imebaki takriban ile ile tangu siku hiyo, jambo ambalo ni nadra katika viwanja vya ulimwengu. Vibanda vya chakula aghalabu huendeshwa na vyama vya wenyeji, nao huchoma soseji za nyama ya nguruwe ambazo Mwislamu hatazigusa, lakini pia mahindi, ambayo mtu wa Pwani angeyatambua kwa harufu kabla ya kuyaona. Mwenye kambi huamka, hunywa kahawa, huteremka kwa miguu katikati ya miti mpaka padoki, na kabla ya adhuhuri amekwisha kuona gia zikishushwa, matairi yakipashwa joto na dereva akila mkate amekaa juu ya ndoo.

Fedha, iliyokuwa haramu kwa waungwana wa mwaka 1944, hatimaye ilihalalishwa. John Bishop, aliyekuwa mkuu wa shughuli za SCCA, alijiuzulu, na mwaka 1969 yeye na mkewe Peggy, wakisaidiwa na Bill France wa chama cha mbio za magari cha NASCAR, wakaunda IMSA, chama cha mbio za malipo. Na Ulmann alipoziachia mbio za Sebring baada ya mwaka 1972, IMSA ikazipokea, ila mwaka 1974 hazikufanyika kwa ajili ya uhaba wa mafuta. Mtu angedhani biashara itafunga milango. Haikuifunga, kwa kuwa wauza sigara na wauza magari waliolipa gharama walitaka macho ya watu yawe karibu na majina yao, na padoki iliyo wazi ilikuwa bidhaa waliyoikuta tayari, wala haikuwagharimu kitu. Don Panoz, tajiri wa madawa aliyeanzisha mashindano ya American Le Mans Series mwaka 1999, aliifanya hoja hiyo kuwa bendera: madereva wakae mezani watie saini, na saa moja au mbili kabla ya mbio kuanza umati uachiwe uingie njiani penyewe, utembee baina ya magari yaliyopangwa. Mashindano hayo na mengine yaliyokuwa yakishindana nayo yaliunganishwa mwaka 2014, na desturi hiyo ikapita salama.

Kinachoitishia desturi hiyo sasa ni ufundi wenyewe. Timu kubwa huja na malori yaliyojaa kompyuta, na sehemu za gari zilizo siri hufunikwa kwa turubai mgeni akaribiapo. Tangu mwaka 2023 magari ya daraja la juu yamekuwa yakibeba umeme wa nguvu kubwa, nayo yana taa maalumu ya kumjulisha makanika kama ni salama kuyagusa; hivyo kamba imerudishwa nyuma hatua kadhaa, na watoto wenye kuuliza maswali huyauliza kwa sauti ya juu kidogo.