Mawe Kando ya Maji

Likizo moja nikiwa chuo, nilifanya kazi ya mjengo Nairobi kama mtu wa mkono wa mjomba wangu. Tulikuwa tunatandaza mawe ya Mazeras kuzunguka bwawa la kuogelea kwenye boma la mtu. Mimi nasomea historia. Mjomba amesomea magotini.

Mazeras ni mji mdogo nje ya Mombasa, kwenye barabara ya kuja Nairobi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipitia huko. Chini ya udongo wake kuna mwamba wa mchanga ambao wanajiolojia wameupa jina la Waduruma, wenyeji wa pande hizo. Umri wake ni takriban miaka milioni 200. Mchanga huo uliletwa na mito, na ndani yake bado hupatikana vipande vya miti iliyogeuka mawe. Ukiupasua kwa nyundo na tindo unatoka vipande bapa, na uso wake unakwaruza kidogo, kwa hivyo mguu uliolowa hauna haraka ya kuteleza. Ndiyo maana unapakiwa kwenye malori hadi Nairobi.

Siku ya tatu, tukila githeri kivulini, nikaona nimuonyeshe mjomba kwamba karo haijapotea bure. Nikamwambia sisi si wa kwanza. Kilwa, kusini mwa Tanzania, kuna magofu ya jumba linaloitwa Husuni Kubwa. Linahusishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika huko mwaka 1331. Ndani ya jumba hilo kuna bwawa la kuogelea lenye pande nane, limejengwa kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe yakitoka baharini ni laini, yanachongeka. Yakikauka yanakuwa magumu. Utajiri ulitokana na biashara, hasa dhahabu ya Sofala.

Mjomba alitafuna, akameza. "Sawa, mjomba. Na maji walitoa wapi?"

Nikanyamaza.

"Yakichafuka walimwaga wapi? Nani aliyabeba?"

Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu Sultani, mgeni wake na dhahabu. Mjomba aliingia jumba hilohilo kwa mlango wa nyuma, akauliza kuhusu ndoo. Jina la Sultani tunalo. La aliyechonga zile pande nane hatuna, wala la aliyepanda na maji begani.

Jioni hiyo msimamizi alikuja akitaka tuharakishe. Upande mmoja udongo ulikuwa bado haujashindiliwa vizuri, lakini alituambia tuweke mawe tu, saruji itashika. Tukaweka safu mbili. Asubuhi mjomba alimwaga ndoo ya maji juu yake, akachuchumaa kuangalia. Maji yakaelekea bwawani.

Hilo ni kosa. Mawe ya kando ya bwawa lazima yainame kwenda nje, kama sentimita 2 kwa kila mita, la sivyo mvua itaingiza matope na mbolea ya bustani ndani ya maji. Na udongo ukizama, mawe yatapasuka. Msimamizi akasema hakuna atakayejua. Mjomba akachukua tindo akaanza kung'oa. Tukachimba, tukamwaga hadikoo, tukashindilia, tukarudisha mchanga na saruji, tukavuta uzi upya. Siku mbili zile hatukulipwa.

Tulipomaliza, alimwaga ndoo nyingine. Maji yalikwenda taratibu hadi kwenye nyasi, na yeye akakunja uzi wake.

Wiki iliyofuata kampuni ilipachika picha mtandaoni: maji ya buluu, mawe ya rangi ya asali, na maneno "kazi yetu". Sisi hatumo. Nilimtumia mjomba kwenye WhatsApp nikiwa nimekasirika. Akajibu kwa sauti, nyuma yake nyundo zikigonga mahali pengine: "Ile kona ya kushoto imekaa vizuri, eeh?"

Nilirudi chuo nikabadilisha mada ya utafiti wangu. Nilikuwa niandike kuhusu masultani wa Kilwa. Sasa naandika kuhusu maji yao: visima, mifereji, na mikono iliyobeba. Mwalimu wangu aliniuliza swali hilo nimelitoa kitabu gani.

Nikamwambia nimelitoa saiti.