Dawa za Presha: Jua Kazi ya Kila Tembe Kabla Mathe Aazime za Jirani

Ukienda kuchukulia mathe dawa za presha pale Russia, ama kwa kemisti ya Kondele, unaweza kupewa tembe zinafanana kabisa na za jirani. Usichezwe. Presha ni moja lakini dawa zake ni familia kadhaa, na kila familia ina kazi yake.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu. Kipimo kikikaa 140/90 ama zaidi kila ukipimwa, hapo ni noma. Dawa zenyewe ni hizi:

1. Za kulegeza mishipa. Amlodipini na nifedipini. Mishipa inafunguka, damu inapita fiti kama gari Jomo Kenyatta Highway Jumapili asubuhi. Madaktari huanzia Waafrika wengi hapa ama namba 2, juu zinashika vizuri kwetu. Shida yake: miguu inaweza kuvimba.

2. Za kukojoza. Haidroklorothaiazidi, kwa paketi HCTZ. Zinatoa chumvi na maji kwa mkojo. Zimezwe asubuhi, la sivyo usiku ni safari za choo tu.

3. Familia ya "prili". Enalaprili inazuia mwili kutengeneza homoni ya kubana mishipa. Wengine hupata kikohozi kikavu kisichoisha. Usikimbilie dawa ya kikohozi, rudi kwa daktari akubadilishie.

4. Familia ya "satani". Losartani inazuia homoni hiyo hiyo isifanye kazi, na kikohozi ni nadra. Namba 3 na 4 hazimezwi pamoja. Pia hazifai mwenye mimba, zinaweza kuumiza mtoto tumboni. Yeye hupewa methildopa ama nifedipini.

5. Za kutuliza moyo. Atenololi inapunguza kasi ya mapigo. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua, na ukiiacha ghafla moyo unaweza kukuletea balaa.

Sasa umeona kwa nini kuazimana tembe ni hatari. Dawa iliyomfaa jirani inaweza kumlaza mathe.

Noma nyingine ni kuacha dawa juu mtu anajiskia poa. Wengi wenye presha hawaskii kitu chochote. Akijiskia poa ni dawa inashikilia, haimaanishi presha imeisha. Ikiachiliwa inaweza kuleta kiharusi, ama kuharibu figo na moyo. Manyasi hayachukui nafasi ya tembe, na Brufen ama diklofenaki ya mgongo kila siku inaweza kupandisha presha.

Wikendi hii ukienda dala, angalia paketi ya mathe. Soma jina, hesabu tembe zimebaki ngapi, na kama zinaisha, panda nduthi umletee zingine kabla siku ipite bila dawa. Samaki ya Dunga bado ataikula, mpunguzie tu chumvi.