Kivuko

Hapa Mwanza, "kivuko" ni neno la kila siku: tunakingoja ili twende Kamanga, ng'ambo, upande wa Sengerema. Limezaliwa na "vuka", nalo lataja chombo na pia mahali pa kuvukia.

Wahindu nao huita mahali pa hija "tirtha", neno la Kisanskriti lenye maana hiyo ya pili: pa kuvukia mto. Varanasi, kando ya Ganges, ni tirtha; anayefia pale huaminiwa amevuka moja kwa moja hadi ukombozi.

Na maji ya ziwa letu tunalolivuka, Victoria, hutokea Jinja, Uganda, yakawa Nile. Hapo, mwaka 1948, sehemu ya majivu ya Gandhi, naye Mhindu, ilimwagwa.

Huku kwetu Mwanza, Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025, vivuko vya pale vikapumzika. Neno halijapumzika.