Mashua Iliyokingama Mferejini

Zipo siku hizi ramani ambazo hazikuchorwa kwa kalamu. Ni picha zilizopigwa kutoka angani, zikaungwa pamoja hata zikaifunika dunia, na tangu mwaka 2005 zimekuwa wazi kwa kila mwenye kompyuta. Wengine huzitumia kutafuta njia, wengine kutazama paa la nyumba yao. Huko Uingereza wamo watu waliojipatia mchezo wa aina yake: huifuata mifereji ya nchi yao, maili baada ya maili, wakitafuta mashua zilizokaa mkao wa ajabu. Mmoja ataona mashua iliyokingama, omo ukingo huu na tezi ukingo ule, kana kwamba imeziba njia makusudi. Mwingine ataona nusu ya mashua tu. Mwingine ataona mashua inayopita juu ya mto, hewani, na vilele vya miti viko chini yake.

Msomaji asidhani kwamba nasema mifereji ya kumwagilia migomba. Hii ni njia ya maji iliyochimbwa ili kubeba mizigo kabla ya reli kuwako. Mjukuu wangu aliponionyesha picha hizo alikuwa anacheka. Mimi niliyefundisha habari za Mapinduzi ya Viwanda kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, niliziona kwa jicho jingine. Karibu kila mkao wa ajabu katika picha hizo una mwaka wake na sababu yake, na sababu kubwa kuliko zote ni umbo la mashua yenyewe.

Mashua hiyo ina urefu wa futi 70 hivi, lakini upana wake haufiki futi 7 na nusu. Hakuna fundi wa mashua aliye timamu angeunda chombo cha namna hiyo kwa hiari yake. Aliyekilazimisha ni James Brindley, fundi wa mitambo ya vinu, mtu aliyeandika kwa shida sana lakini aliyeweza kupima nchi kwa macho na kukumbuka hesabu zake zote kichwani. Mwaka 1761 mfereji aliomjengea Duke wa Bridgewater ulianza kuleta makaa ya mawe Manchester kutoka mashimo ya Worsley, na bei ya makaa mjini ikashuka kwa nusu. Mara matajiri wengine wakamtaka. Miongoni mwao alikuwa Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Staffordshire, ambaye vyombo vyake vilikuwa vikivunjika njiani migongoni mwa farasi. Mwaka 1766 kazi ya mfereji wa kuunganisha mto Trent na mto Mersey ikaanza.

Hapo Brindley alikutana na vilima. Mashua hupandishwa kilima kwa loki, yaani chumba cha mawe chenye milango mwanzo na mwisho: mashua huingia, milango hufungwa, maji hufunguliwa kutoka juu, na chombo huinuka pamoja nayo. Kila mara loki ndogo inapotumika, galoni zipatazo 25,000 hushuka zisirudi tena. Loki pana ingekunywa maradufu. Zaidi ya hayo, palikuwa na mlima wa Harecastle, uliotaka kutobolewa handaki la yadi 2,880, na kila futi ya upana ilikuwa fedha na jasho. Brindley akaamua: loki ziwe na upana wa futi 7 tu na ushei. Mifereji mingi ya katikati ya nchi ikafuata kipimo hicho, kwa kuwa mashua zilitaka kupita kote.

Basi tuirudie ile mashua iliyokingama. Mfereji una nafasi ya mashua mbili kupishana, lakini hauna nafasi ya chombo cha futi 70 kugeuka. Kwa hiyo wachimbaji waliacha mahali maalumu ambapo ukingo mmoja umeliwa ndani mfano wa pembe tatu. Mashua huchomeka omo yake humo, na tezi huzungushwa polepole. Ukiona katika picha mashua imekingama, tazama ukingo kwanza. Kama umepanuka, nahodha anageuka salama. Kama haukupanuka, huenda kamba moja imefunguka usiku na upepo umeisukuma, na mwenyewe bado amelala.

Nusu ya mashua nayo ina maelezo mawili. La kwanza ni la ushonaji: picha za siku mbili zimeungwa, na mashua iliyokuwapo Jumatatu haikuwapo Alhamisi. Hilo halina historia. La pili ni handaki. Pale Harecastle, karibu na Kidsgrove, maji yana rangi ya kutu kwa sababu ya madini ya chuma, na yanaingia mlimani kwa midomo miwili. Mmoja ni wa Brindley, uliofunguliwa mwaka 1777, yeye akiwa amekwisha kufa miaka mitano kabla. Wa pili ni wa Thomas Telford, wa mwaka 1827, ndio utumikao hadi leo. Handaki la Brindley halikuwa na njia ya farasi. Farasi alipitishwa juu ya mlima, na ndani ya giza watu walilala chali juu ya mashua wakiisukuma kwa miguu dhidi ya ukuta, saa mbili hata tatu.

Kuhusu mashua ya hewani, nenda Wales, kwenye daraja la Pontcysyllte la mwaka 1805, ambapo Telford na William Jessop waliweka hori la chuma futi 126 juu ya mto Dee. Upande mmoja una njia na ukuta wa vyuma. Upande wa pili hauna kitu, ila ukingo wa hori na kisha hewa. Nami nilipenda zaidi lile la Barton, karibu na Manchester. Daraja la mawe la Brindley lilivunjwa ili meli kubwa zipite katika mfereji mpya uliofunguliwa mwaka 1894, na mahali pake pakawekwa daraja la chuma linalozunguka likiwa limejaa maji, tani 1,450. Picha ikipigwa wakati limegeuzwa, mfereji wa Duke huonekana umekatwa kama uzi.

Mkao mmoja haufai kuchekewa. Ni mashua zilizolala kwa ubavu topeni. Brindley aliziba sakafu ya mifereji kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji hata usipitishe tone, na mahali pengi ndio udongo huohuo unaotumainiwa mpaka sasa. Tuta la mfereji wa Bridgewater karibu na mto Bollin lilibomoka mwaka 1971, likatengenezwa kwa miaka miwili. Tarehe 1 Januari 2025, baada ya mvua kubwa, tuta la mfereji huohuo likabomoka tena karibu na Dunham Massey. Maji yakamwagika mashambani, mashua zikabaki zimeinama, na baadhi yake zilikuwa makazi ya watu.

Maana watu walikuwa wakiishi humo tangu zamani, na hapa ule upana wa futi 7 ulidai malipo yake. Reli ilipokuja, nauli ya mizigo ikashuka. Mwenye tishari pana angeweza kubeba zaidi ili kufidia. Mwenye mashua ya Brindley hakuweza kuongeza hata inchi moja, kwa kuwa loki zilikuwa za mawe. Kilichoweza kupunguzwa ni gharama ya watu. Nahodha akaiacha nyumba ya kupanga nchi kavu, akamhamishia mkewe na watoto katika chumba cha nyuma kisichofika futi 10 kwa urefu, nao wakawa mabaharia wasio na mshahara. Watalii leo husifu maua na makasri yaliyochorwa kwenye milango ya vyumba hivyo. Mimi hujiuliza watoto sita walilalaje.

George Smith wa Coalville, ambaye mwenyewe alibeba udongo wa matofali tangu utotoni, aliandika kitabu juu yao mwaka 1875 na kuwasumbua wabunge mpaka ikapitishwa sheria ya mwaka 1877, kisha nyingine ya mwaka 1884. Mashua za kuishi zikaandikishwa, na idadi ya wakazi ikawekewa kikomo. Habari ya shule ndiyo iliyonishika. Mtoto wa mashua alihesabiwa kuwa mkazi wa mji ambako mashua imeandikishwa, na mji huo ndio uliopaswa kumsomesha. Yeyote aliyewahi kushika daftari la mahudhurio ataona ugumu wake. Mtoto yuko kwenye daftari la mji fulani, mwili wake uko maili 80 mbali akimwongoza farasi. Siku ya kupakua mizigo huingia katika shule ya ugenini, hupewa kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza. Kesho yake ameondoka. Shule ya tatu humpa ukurasa uleule. Katika miaka ya 1930 huko West Drayton, magharibi ya London, mashua kuukuu iitwayo Elsdale iligeuzwa darasa, na nadhani aliyelibuni jambo hilo alielewa kuliko watunga sheria: aliipeleka shule majini.

Majira ya baridi ya mwaka 1962 na 1963 mifereji iliganda kwa majuma mengi, mizigo ikahamia malori, na ile kazi ya kale ikafikia karibu na mwisho. Mashua hazikuisha. Mjini London, ambako kodi ya nyumba imewashinda wengi, picha ya angani huonyesha safu za mashua zimefungwa mbilimbili, hata tatutatu, ubavu kwa ubavu, kando ya mto Lea na mfereji wa Regent. Ni paa tu zinazoonekana, na juu yake kuni, baiskeli na vyungu vya maua. Kwa sheria ya mwaka 1995, mwenye mashua asiye na gati lake la kudumu hapaswi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, labda awe na sababu ya haki. Baadhi yao wana watoto wa kwenda shule. Huchagua shule moja, kisha kila baada ya majuma mawili huhesabu upya: tukisogea mpaka daraja lile, mtoto aamke saa ngapi?