Wakazi wa Birongo na haki ya kushauriwa kuhusu mpango wa ardhi

Birongo ni mojawapo ya wadi sita za eneo bunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii. Kama ilivyo kwingineko katika nchi ya Abagusii, ardhi ya huko ni haba. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti hiyo watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa baba hadi kwa wana, na makaburi ya wazee yamo humo humo, kando ya nyumba na migomba. Kwa hiyo mtaa mpya, soko au barabara pana haiwezi kuchorwa mahali patupu. Kila mstari wa mchoraji hupita katika shamba la mtu.

Uchoraji huo unatawaliwa na Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996. Serikali ya kaunti ndiyo huandaa mpango wa mahali, ukionyesha sehemu za makazi, biashara, shule na barabara. Rasimu ikikamilika, ilani hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti ya kitaifa ili wananchi waikague na kuwasilisha maoni au pingamizi. Hatimaye mpango hufikishwa mbele ya bunge la kaunti.

Sauti ya mkazi ina uzito zaidi kabla ya bunge hilo kuupitisha. Ukishapitishwa, kila ombi la kujenga hupimwa kwa mpango huo, na anayejenga bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Kushauriwa huko si hisani. Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 115, inaufanya kuwa wa lazima katika upangaji, na inataka wananchi waonyeshwe tathmini za mazingira, matokeo yanayotarajiwa, na njia mbadala pamoja na gharama zake. Hilo la njia mbadala husahauliwa mno. Si ajabu mkutano kuitishwa ili watu waelezwe jambo lililokwisha kuamuliwa, kisha orodha ya waliohudhuria ikafanywa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Mahakama Kuu iliukataa mtindo wa aina hiyo Aprili 2014, Jaji George Odunga alipobatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013. Kesi ilihusu ushuru, si ardhi, lakini msingi wake unagusa mashauriano yote: serikali itumie njia zinazowafikia watu kweli, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za kienyeji. Kwa Birongo, hiyo ina maana ya kueleza mchoro kwa Ekegusii.

Asiyeiona rasimu anaweza kuiomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo huipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi. Pingamizi ni vyema liandikwe, litaje nambari ya shamba na pendekezo mbadala, na nakala iliyopigwa mhuri ihifadhiwe. Mtoa maoni si lazima awe na hati miliki. Jambo hilo ni muhimu kwa kina mama wanaolima mashamba yaliyosajiliwa kwa majina ya waume au wakwe zao.

Mpango wenyewe hauhamishi umiliki. Ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma, Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki ilipwe haraka, na utwaaji husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Asiyeridhika na uamuzi kuhusu idhini ya ujenzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kusuluhisha masuala ya upangaji, na kutoka hapo kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo mjini Kisii.